Tulivyoitafuta Saikolojia kwa Kadi ya Mgonjwa

Binti yangu aliniambia anataka kusomea saikolojia nikiwa nimezamisha chubu ya pikipiki kwenye karai la maji, natafuta pancha. Sikumjibu mpaka nilipoona mapovu. Si kwamba nilikuwa nafikiri. Ukiondoa macho kwenye karai, tundu linakupita na unaanza upya.

"Ni kazi gani hiyo?" nikauliza.

"Ya kusikiza watu, Baba. Wale wameumia kwa akili."

"Na ni nani atakuajiri usikize watu?"

"Serikali."

Nikaitoa chubu majini. Mtoto anayetaja serikali hivyo, kama mjomba anayengoja kituoni, bado ni mtoto.

Mimi niliacha shule darasa la sita. Kibanda changu kiko Migori, kando ya barabara ya Isebania, na kazi yangu ni kuziba pancha za pikipiki. Kwa hivyo wa kwanza kusikia habari ya saikolojia walikuwa watu wa boda.

"Mzee, hiyo si ndiyo ya wazimu?" mmoja akauliza.

"Ndiyo."

"Basi ako na mgonjwa wa kuanzia hapo nyumbani."

Wakacheka wakipigana mabega. Nikaendelea kukwaruza chubu ipate kushika gundi. Hawakuwa wamekosea sana. Mimi siwezi kulala mvua ikipiga mabati. Ikianza natoka nje nakaa ndani yake mpaka iishe, na mtaa mzima unajua. Nami niliamini, bila kumwuliza, kwamba msichana alitaka kunisomea mimi.

Heri niseme mapema ni nani aliyeniharibu. Watu wa kwetu wakisimulia ajali husema "ilikuwa siku yake", kana kwamba siku ndiyo ilipakia boti. Boti ilipakiwa na mwenye boti. Tulikuwa tunatoka kisiwa cha Remba na magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani. Juu ya magunia akaweka watu, na juu ya watu akaweka magodoro ya mwalimu aliyekuwa anahama. Nikamwambia imezama sana, maji yanalamba ukingo. Akasema ziwa limelala. Yeye hakupanda, alikuwa na shughuli kisiwani. Mdogo wangu alipanda. Mvua ilitukuta katikati, boti ikapinduka, na mimi niliokolewa na mtungi mtupu wa mafuta ya kupikia. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili, na upande wa pili hakukuwa na mtungi. Mwenye boti leo ana nyumba ya wageni ya rangi ya kijani hapa Migori, na ukilala huko unapewa sabuni.

Baadaye walikuja watu wenye fulana za kufanana, wakatukusanya kanisani sisi tuliobaki. Kijana mmoja, ambaye alituambia mwenyewe kwamba ushauri amesomea wiki mbili, alituagiza tufumbe macho tuwaze mahali penye utulivu. Wengi wetu tulikuwa wavuvi. Mahali penye utulivu tulipopajua sisi ni ziwani. Mama mmoja akaanza kupiga mayowe. Kijana akasema hiyo ni hatua nzuri, tukapewa soda.

Ndipo nikahamia Migori. Mto upo, lakini unavukwa kwa daraja.

Kwa hivyo binti aliposema saikolojia, sikuogopa wazimu. Niliogopa asije akawa yule kijana.

Nilidhani kosi ya chuo huchaguliwa kama dukani, unataja unapewa. Kumbe kwenye ile tovuti ya kuchagua masomo ya chuo kikuu kuna saikolojia, kuna saikolojia ya ushauri, kuna ualimu uliotiwa ushauri ndani, kuna kazi za jamii, na chini yake diploma na vyeti vimejipanga kama mitumba. Zote zinaahidi utasaidia watu. Binti alikuwa na B ya mtihani wa kidato cha nne, Hesabu yake ikichechemea. Alikaa na simu yangu siku nzima, akainua uso akasema, "Baba, nikikosea hapa nitasoma miaka minne halafu niambiwe hiyo karatasi si ya kutibu mtu."

Na walikuwa wamekosea kwa niaba yake tayari. Mkosaji hapa ni naibu wa mwalimu mkuu wa shule yao. Aliwaketisha wasichana wote kwenye chumba cha kompyuta akawaambia wajaze ualimu juu mpaka chini, kwa sababu ualimu hauna maswali mengi, na yeye alikuwa na mazishi ya kuhudhuria. Sasa tovuti ilikuwa imefunguliwa tena ili watu wabadilishe, na ingefungwa Ijumaa.

Mkosaji wa pili ni binamu yangu, ambaye hutafutia chuo fulani cha mjini wanafunzi na hapati hasara kwa kazi hiyo. Alikuja kibandani bila pikipiki, bila pancha.

"Omera, ndugu yangu, mambo ya digrii ni ya nini? Mlete kwetu. Diploma ya ushauri, anamaliza haraka, tunampiga picha na kofia."

"Atakuwa mwanasaikolojia?"

"Atakuwa na kofia."

Hakucheka. Binamu yangu ni mtu mkweli akijisahau.

Mchungaji wetu naye alisema roho ya mtu haitibiwi kwa digrii, kisha akauliza kama tumefikiria chuo cha Biblia. Mkuu wa hicho chuo ni shemeji yake.

Mama yake msichana, aliyekuwa akipanga sukumawiki zake za kupeleka sokoni, alitusikiliza sote siku kadhaa. Mwishowe akasema, "Kama anataka kuwa kitu fulani, si aulize mtu ambaye ni hicho kitu?" Nikamwambia hilo ndilo nilikuwa nataka kusema. Akasema anajua.

Tulisikia kuna mwanasaikolojia katika hospitali moja Homa Bay. Tukaenda Alhamisi. Homa Bay sipendi kwenda. Ukigeuza kichwa vibaya kidogo unaona ziwa. Nilitembea nikitazama upande wa maduka, na binti akatembea upande ule mwingine bila kuambiwa.

Hospitalini tulielekezwa dirishani.

"Mgonjwa ni nani?" mama wa dirisha akauliza.

"Hakuna mgonjwa," binti akasema. "Tunataka tu kuongea na mwanasaikolojia kuhusu kosi."

"Hapa ni kwa wagonjwa."

"Ni swali moja tu, Mama."

"Wote mna swali moja tu. Mgonjwa ni nani?"

Nyuma yetu watu walianza kukohoa, wengine kwa ugonjwa na wengine kwa hasira. Nikainama dirishani. "Ni mimi."

"Baba!"

"Unaugua nini, mzee?"

"Sipati usingizi."

"Tangu lini?"

"Kitambo."

Akaandika. Sijawahi kudanganya mtu kwa urahisi namna hiyo, maana hapakuwa na uongo ndani yake.

Mwanasaikolojia alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyotarajia, amevaa sweta. Nadhani chumba chake kilikuwa stoo zamani, kwa sababu vitanda vibovu vilikuwa bado vimesimamishwa ukutani nyuma yake. Alitutazama wote wawili.

"Kadi ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema, "lakini mwenye maneno ni huyu."

"Basi yeye atangoja nje, mzee. Ya humu ni ya mwenye kadi."

Binti akatoka, akinikonyeza nikumbuke. Nilikuwa nimejipanga. Ningetaja usingizi kwa ufupi, kisha niulize habari ya digrii. Yule mwanamke akauliza usingizi ulianza kupotea lini. Nikamwambia. Akasema, "Na halafu?" Mtu akikuuliza na halafu, huwezi kumwachia swali mkononi. Nikasema ya magunia. Na halafu? Nikasema ya magodoro. Hakuniambia pole. Hakuniambia nisamehe. Nilipomtaja mwenye boti kwa majina yake yote, hakunionya kwamba huyo ni mtu mkubwa. Aliniacha nikamaliza, ndipo akauliza, "Na mdogo wako, anaitwa nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Tangu siku ile watu wote walikuwa wakimwita marehemu, hata kanisani, hata kwenye karatasi ya chifu. Nikasema jina lake. Sitaliandika hapa, nilikwisha kulisema pale.

Nilipotoka, laini ya wagonjwa ilikuwa imejaa ukumbi na binti alikuwa amesimama.

"Amesema nini?"

"Nirudi Jumatano."

"Ya digrii, Baba."

"Sikuuliza."

"Hukuuliza?"

"Yeye ndiye alikuwa anauliza."

Alinitazama kwa macho ya mama yake. "Kesho inafungwa! Umeingia huko umejitibu, mimi umeniacha kwa benchi!"

Mama mmoja aliyeketi hapo, amejifunga leso kichwani, akasema, "Nyathina, mwanangu, wacha mzee. Angalau ametoka amenyoosha mgongo."

"Mama, huyu hakuwa mgonjwa. Tulikuja kuuliza kosi."

"Hata mimi nimekuja kuuliza tu," mama akasema, akasogea kumpisha akae.

Tukangoja. Saa ya chakula mlango ukafunguka, yule mwanamke akatoka na kibakuli chake, na binti akasimama mbele yake kama askari wa kaunti.

"Daktari, samahani, nataka kuwa kama wewe na tovuti inafungwa kesho."

"Mimi si daktari," akasema. "Hilo ulijue kwanza." Akaketi kwenye ngazi, akafungua kibakuli. Ilikuwa githeri, mahindi na maharagwe. "Yule wa kuandika dawa anasomea udaktari kwanza, halafu anaongeza magonjwa ya akili. Unataka kuandika dawa?"

"Hapana."

"Basi shika digrii ya saikolojia yenyewe. Si ile ya ualimu imetiwa ushauri kidogo. Na usisome jina la kosi tu, angalia ndani wanafundisha nini. Kama hakuna takwimu, hakuna utafiti, hakuna kutoka kwenda kufanya mazoezi na watu, hayo ni mapambo. Na ukimaliza hiyo, bado hujawa."

"Sijawa?"

"Bado. Unasoma digrii ya pili, ya kutibu au ya ushauri. Unafanya kazi chini ya mtu anayekuangalia. Halafu ndipo uandikishwe. Katikati hapo watu wa kwenu watakuuliza kila Krismasi umemaliza lini, na hutakuwa na jibu. Ukimaliza, kazi nazo ni chache. Unaona ofisi yangu."

"Na diploma?"

"Diploma si mbaya, wengine huanzia huko wakapanda. Shida ni yule anasimama kwa ngazi ya kwanza akijiita mimi." Akatafuna. "Sasa na wewe niambie. Kwa nini hii? Ni kwa sababu ya mzee?"

Nikatazama viatu vyangu, nikajitayarisha.

"Baba?" binti akasema. "Hapana. Kwa sababu ya Baba ningesomea kilimo nikae shambani karibu naye."

Yule mwanamke akangoja. Sikumsikia akisema "na halafu", lakini msichana aliendelea kana kwamba ameulizwa. Walipokuwa kidato cha tatu, msichana wa kitanda cha jirani aliacha kuongea. Matroni akasema ni mapepo. Wakamwombea, wakamwombea tena, kisha wakampeleka nyumbani. "Mimi ndiye nilimbebea sanduku mpaka geti," binti akasema. "Hatukujua tumwambie nini. Tukamwambia safari njema."

Habari hiyo sikuwahi kuisikia. Muda huo wote nilikuwa nikijiona mimi ndiye ugonjwa wenyewe, na kumbe hata kwenye orodha sikuwepo. Lazima nikubali nilikasirika kidogo.

Hatukurudi Migori kubadilisha, tulifanya hapo hapo Homa Bay, kwenye saiba moja ya intaneti nyuma ya stendi. Saikolojia iliyokuwa chuo cha karibu ilitaka Hesabu ambayo hakuwa nayo, kwa hivyo akapanga za mbali, akizifungua moja moja na kusoma ndani kama alivyoambiwa. Moja akaikataa, haikuwa na takwimu. Nilimwona akifurahia kuikataa. Kijana wa saiba alikuwa na huruma.

"Siste, unatoa ualimu yote? Hutaachia hata moja ya kuegemea?"

Binti akanigeukia. Nilitaka kusema aachie moja. Kisha nikakumbuka ni nani mwingine angesema aachie moja, na kwamba angesema hivyo akikimbilia mazishi.

"Mimi niliacha darasa la sita," nikasema. "Usiniangalie."

Akatoa zote.

Majibu yalipotoka alikuwa amepewa saikolojia, chaguo la pili, chuo cha mbali kupita Nairobi. Naibu wa mwalimu mkuu akaandika jina lake kwenye ubao wa shule, kati ya waliofaulu kwa juhudi za ofisi yake. Binamu yangu aliambia watu kwamba yeye ndiye alinifungua macho kuhusu masomo. Mchungaji alitangaza ibada ya shukrani. Tulihudhuria, kulikuwa na chapati.

Mimi Jumatano nilirudi Homa Bay kwa kadi ileile, na ninaendelea kurudi. Watu wa boda wakiniuliza naenda wapi nawaambia naenda kununua vipuri.

Juzi binti alipiga simu. Nikamwuliza kama sasa anajua kutibu mtu.

"Baba, bado. Mwaka wa kwanza ni takwimu na panya."

"Panya?"

"Panya wa maabara. Wanawekwa kwa sanduku, wanajifunza kubonyeza kitu wapate chakula."

"Na watu?"

"Watu ni mwaka wa tatu."

Nikatazama kibanda, na karai, na kijana wa boda aliyekuwa akingoja tairi lake huku akitega sikio. Nikamwambia binti asome hao panya vizuri, asikubali mtu amharakishe.