Kuku Asiye na Firigisi

Nilipoacha shule darasa la tatu, mwalimu aliniambia sitafika popote. Nilifika Dandora, nikajenga nyumba ya ghorofa kwa karai na masufuria niliyokuwa nikiyagonga kwa nyundo na kuyauza soko la Jericho. Kwa hivyo mtu asiniambie sijui thamani ya kitu. Na ile hoteli ya mtaa wa Fedha, mpaka leo naihesabu kama mwizi aliyeniibia mchana nikimtazama.

Wakwe walikuwa wanakuja: baba na mama wa kijana anayetaka kumwoa binti yangu, watu wa Magharibi ya Kenya kama sisi, tukubaliane arusi iwe lini. Mke wangu alikuwa na jogoo tayari. Binti akakataa.

"Baba, si nyumbani. Upepo ukigeuka, moshi wa dampo la taka unaingia mpaka kwa sahani."

Moshi huo ndio uliomlea. Akatafuta hoteli yenye menyu ya bei moja: unalipia kila kichwa, zinakuja sahani tatu, basi. Nililipa mimi, tena mapema, mkwe, baba wa kijana, asije akaona mkono wangu ukisitasita.

Sahani ya kwanza ilikuwa supu. Bakuli pana kama kofia, supu yenyewe imejificha kule chini. Mkwe aliimaliza kabla sijashika kijiko vizuri. Nikamwita weita.

"Kijana, ongeza supu."

"Mzee, hii ni seti. Hakuna kuongeza."

"Supu?"

"Hata supu."

Sokoni Jericho hakuna mama anayeuza supu. Unanunua chapati na maharagwe, supu unasema tu "ongeza", na upawa unakuja pamoja na maneno yake: "We mzee, unakula ama unaogelea?" Lakini unakuja. Neno hilo lilinishibisha miaka ya kibarua, wakati mfuko haukuwa na la kusema. Pale Fedha likawa kama nimetukana watu.

Akaletwa kuku. Kipande cheupe cha kifua, upana wa kiganja cha mtoto, na jani juu yake. Mkwe akaliinua jani kwa uma, akachungulia chini yake, akalirudisha polepole. Mke wangu akanikanyaga mguu. Alijua mkwe anatafuta nini, na mimi nilijua. Kwetu mkwe akija akapewa kuku, firigisi ni yake. Umpe mapaja yote na mabawa yote, firigisi ikikosekana umemwambia si mtu. Nimewahi kuona mzee akiokota fimbo yake na kwenda zake kwa sababu hiyo hiyo, na mazungumzo yakalala hapo.

"Kijana! Kuku wenu wanazaliwa bila firigisi?"

"Baba, sauti," binti akaninong'oneza.

Weita akaenda jikoni, akarudi. "Wanasema wanaletewa vifua peke yake, mzee."

"Vifua vinatembea vyenyewe mpaka hapa?"

Mama mkwe akacheka ndani ya leso. Mkwe hakucheka. Sahani ya tatu, kitu kitamu kinachotikisika kama kimeogopa, hakuigusa kabisa.

"Tumeshiba, mkwe," akasema, macho yakiwa mlangoni. "Haya mengine tutaongea siku nyingine."

Hapo niliona arusi ya mtoto wangu ikiondoka, na kifua cha kuku ndicho kinachoifukuza. Nikasimama.

"Mkwe, hapa tulikuja kuonja tu. Chakula kiko nyumbani."

"Baba, moshi!"

"Moshi haujawahi kumnyima mtu firigisi."

Tulirudi Dandora, mimi bado natukana kimoyomoyo. Mke wangu hakubadilisha hata nguo; alimkamata jogoo akiwa na viatu vyake vya kanisani. Wageni wakanywa chai, wakangoja. Ugali ulipotua mezani, upepo nao ukageuka, kana kwamba binti yangu aliuita. Moshi ukaingia. Binti akaruka kufunga dirisha.

"Liache," mkwe akasema, firigisi iko mkononi. "Kuna joto."

Aliitafuna bila haraka, kama jaji anayesoma kesi. Kisha akasukuma bakuli lake upande wa mke wangu.

"Ongeza supu kidogo, mama. Halafu mniambie, arusi mnaitaka mwezi gani?"