Siku Nilipoazima Namba ya Kaunta

Haya, niseme, maana naona hamtaniacha mpaka niseme. Mimi ndiye yule mtu aliyezima intaneti kafe nzima pale Dodoma mjini, Jumamosi, watu wamejaa mpaka mlangoni, na sababu yenyewe ni kwamba nilikuwa najificha. Kuna watu mtaani kwetu Chang'ombe hadi leo wakiniona wanakohoa kidogo (wengine hata hawakuwepo, wamesimuliwa tu, na wanasimulia vizuri kuliko mimi). Chekeni, nami nitacheka nanyi, ila mkifika mwisho mtaacha wenyewe.

Nianze nyumbani. Nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali, nimepanga vyumba viwili Chang'ombe na mke wangu Sechelela, binti wa Gulwe, mpole, anayecheka kwa macho kabla ya mdomo. Tulikuwa tumeoana miaka kadhaa na mtoto hajaja. Mtaani kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, Mama Neema, Mama Daudi, na Seche wangu hakuwa na la kuitwa, kwa hiyo majirani waliendelea kumwita bi harusi, mwaka wa kwanza kwa utani, miaka iliyofuata sijui kwa nini. Yeye aliitika. Kisha mama yangu akaja kutoka Kibaigwa kutusalimia, salamu zikawa za miezi, na kila jioni akawa anauliza, mbele ya mke wangu, kama kwao Gulwe wanawake wote wako hivyo. Mwisho akatangaza kwamba Jumapili baba mdogo anakuja, Seche atarudishwa kwao akapumzike, na kila mtu alijua maana ya kupumzika. Seche akaanza kukunja nguo zake. Nikamwambia, "Vumilia," kwa sababu hilo ndilo neno pekee nililokuwa nalo mdomoni.

Moyoni nilikuwa na lingine. Nilipokuwa kijana niliugua matubwitubwi vibaya sana, na uvimbe ukashuka hadi chini (mnanielewa, nisiende mbali zaidi), na niliwahi kusikia kwamba ugonjwa ule unaweza kumwacha mwanamume bila uwezo wa kuzaa. Hospitali sikuthubutu, maana maabara alikuwepo mtu wa mtaani kwetu na jina lako linaitwa kwa sauti mbele ya benchi zima. Ndipo nikasikia habari za intaneti. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa na watu binafsi, huyu redio, yule shule, mwingine baa, huku sisi ofisini tunaambiwa tutapunguzwa, na karibu na soko mfanyabiashara mmoja akafungua intaneti kafe, mapazia ya bluu na feni. Nikaenda, nikafunua funua, nikakuta ukurasa wa Watanzania walioko ng'ambo ambako daktari alikuwa akijibu maswali kwa Kiswahili, na watu walikuwa wanauliza mambo ambayo hata taa ikiwa imezimwa huwezi kuyatamka. Nikasema hapa ndipo pangu. Kasoro moja tu: chini ya kila swali, hata kama mwenyewe kaweka jina la uongo, palionekana namba ndefu yenye nukta nukta.

Jumatatu nikamuuliza Mashaka, fundi wa kompyuta ofisini kwetu.

"Hiyo ni IP, Bwana Yona," akasema. "Anwani ya kompyuta. Anayejua kuisoma anaona swali limetoka nchi gani, pengine hata mji."

"Na mtu hawezi kuificha?"

"Anaweza. Unapitia kompyuta nyingine, inaonekana ile, wewe huonekani. Njoo nikuonyeshe, si kazi. Kwani una nini?"

"Sina kitu. Nauliza tu."

Hapo, jamani. Kama ningesema "nionyeshe", leo ningekuwa nasimulia kisa cha mtu mwingine. Lakini nilidhani nimeelewa, na mimi mtu wa masijala nisielewe anwani kwa nini? Si mnakumbuka, hakuna kati yetu aliyekuwa na anwani ya nyumba, barua yako ilikuja kwa S.L.P. ya ofisi, au ya shule, au ya parokia, na aliyeko mbali hakujua unalala wapi, alijua sanduku tu. Kazi yangu ilikuwa kugawa barua za watu waliokaa nyuma ya sanduku la ofisi. Basi nikaamua kwamba IP ni sanduku la posta, na kujificha ni kuazima sanduku la mwingine. Na pale kafe kila mashine ilikuwa imebandikiwa namba yake ya nukta nukta mbele kwa karatasi, hata ile kubwa ya kaunta ambayo intaneti yote ilipitia (hilo la kupitia nilikuja kulijua baadaye). Nikasema nitaazima ya kaunta, nani atamshuku mwenye duka?

Jumamosi nikafika, kumejaa. Kaunta alikuwepo Rehema, binti wa Kondoa, mchangamfu, mwenye tabia moja ambayo naomba muishike: printa ilikuwa moja tu, pembeni yake, na karatasi ikitoka aliusoma mstari wa juu kwa sauti ili mwenyewe ajitokeze. "Nani mwenye Yah: Maombi ya kazi ya udereva?" Mtu anainua mkono, analipa, anaondoka. Na kwenye mashine ya karibu na mlango alikuwa amekaa Mama Tabu, jirani yetu, kiongozi wa akina mama kanisani kwetu, anasoma habari za mwanawe anayesoma India.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Yona. Bi harusi hajambo?"

"Hajambo."

Nikaenda kona ya mwisho, mashine ya sita. Nikaandika polepole, kidole kimoja kimoja: Daktari, mke wangu analaumiwa kwamba hazai, lakini nadhani mwenye tatizo ni mimi, niliugua matubwitubwi, je, inawezekana, na je, nimwambieje? Jina nikaweka Mnyenyekevu. Kabla sijatuma nikafungua pale pa namba (nilikuwa nimemwona Mashaka akipafungua mara nyingi), nikafuta ya mashine yangu, nikaweka ya kaunta. Kikatokea kisanduku, kinanieleza kwa Kiingereza kwamba namba hii inatumiwa na mwingine. Nikasema moyoni, ndiyo, najua, nimeiazima. Nikakiondoa.

Mara mtu wa dirishani akasema, "Dada, mbona imekata?" Na mwingine, "Hata huku." Mwanafunzi mmoja akasimama kashika kichwa, fomu yake ya chuo ilikuwa inakaribia kwenda. Rehema akazima akawasha, akampigia bosi wake, akasikiliza, kisha akageuka kwetu.

"Kuna mtu amechukua namba ya mashine yangu. Zinagombana, ndiyo maana hakuna anayepita. Aliyegusa aseme tu, sitamkaripia."

Nikainamia kioo changu. Mbele yangu swali lilikuwa limeganda, haliendi, halirudi, halifungiki, na mimi jasho linanitoka hadi kwenye kope, nikaanza kubonyeza kila kijipicha kilichokuwa juu ya ukurasa, hiki, hiki, na hiki, mara nyingi nyingi, nikiamini kimojawapo kitalifuta. Rehema anazunguka, mashine moja, ya pili. Nikazima kioo. Akafika, akakiwasha.

"Kaka, nipishe kidogo."

Alikuwa na adabu, hakusoma kitu, alifunga ule ukurasa bila kuutazama mara mbili, akaenda kwenye namba. Akaduwaa. "Hii ya kaunta umeiwekaje hapa?"

"Sijui, dada. Nimeikuta hivyo."

Akairekebisha. Intaneti ikarudi, watu wakapiga makofi, yule mwanafunzi akasema asante Mungu, nami nikashusha pumzi, nikajiambia Yona, umepona, inuka uende.

Printa ikaanza kunguruma. (Kijipicha kimojawapo kilikuwa cha kuchapisha, mimi nitajuaje? Na karatasi zilikuwa zikisubiri mashine yangu irudishiwe namba yake ili zipite.) Rehema alikuwa amechoka, akaichukua ya kwanza kwa mazoea, akasoma kwa sauti ile ile ya maombi ya udereva.

"Nani mwenye Daktari, mke wangu analaumiwa kwamba hazai, lakini nadhani mwenye tatizo..."

Sauti ikamfia. Ya pili ikatoka, ile ile. Ya tatu. Printa haikuwa na huruma, ilizidi kuzitema. Mtu akacheka kidogo, kisha akaacha. Mwingine akauliza, "Hizo zote ni za nani?" na Rehema, maskini, akitaka tu yaishe, akajibu huku ameinamisha uso, "Zimetoka mashine ya sita."

Vichwa vyote vikageuka. Mama Tabu akavua miwani.

"Yona? Kumbe ni wewe?" Kisha, taratibu, "Pole, mwanangu."

Bora angecheka. Kicheko ningekibeba. Nikatoka bila kudai chenji, bila karatasi, bila kuaga. Na badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani, ambako palikuwa na mtu mmoja wa kumwambia kitu kimoja, nikazunguka mjini na vumbi lake nikitunga maneno. Mama Tabu hakuzunguka. Wala hakwenda kwa ubaya, niwaambie ukweli, alikwenda kumtetea Seche, akasimama uani kwangu na karatasi moja mkononi akamwambia mama yangu, "Mwacheni binti wa watu. Soma alichoandika mwanao."

Nilipofika, mama alikuwa kwenye kigoda, akaniangalia kisha akageukia ukuta. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Ndani, Seche alikuwa ameketi kitandani, mkoba umefungwa, karatasi mapajani.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo. Nilitaka nijue kwanza, Seche, halafu..."

"Jina si lako. Ulikuwa unamficha nani?"

"Watu."

"Watu gani? Huko ng'ambo nani anamjua Yona wa masijala?"

Seche hakupaza sauti. Alisema, "Mimi niko nje, machoni pa watu, siku zote hizi, Yona. Mtaa mzima unaniita bi harusi, mama anasema mbele yangu, wewe umekaa unasikia. Ungeninong'oneza tu, 'Seche, huenda ni mimi.' Ningeyabeba hayo maneno yao yote wala nisingemwambia mtu."

Jumapili baba mdogo akaja, akakuta hana la kuamua, maana Seche mwenyewe ndiye aliyemwomba amsindikize stesheni. Nilibeba mkoba wake. Hakunikataza.

Baadaye nilikwenda hospitali. Jina langu likaitwa kwa sauti, benchi zima likanitazama, nikaitikia "Nipo!" na hakuna kilichotokea, watu walirudi kwenye magonjwa yao. Jibu lilikuwa lile nililoliogopa. Nikapanda treni hadi Gulwe, nikasimama mbele ya wazazi wake na kaka zake, nikalisema lote, bila kumung'unya maneno. Baba mkwe akanishukuru. Seche akanipikia, nikala, akanisindikiza hadi stesheni, na treni ilipokuwa inakaribia akasema, "Leo umesema mbele ya watu wote. Mimi nilitaka useme mbele yangu tu."

Hakurudi. Siku hizi vijana wananionyesha kwenye simu zao jinsi ya kuficha IP, bonyeza mara moja, basi, dunia inadhani uko nchi nyingine. Nawaambia ficheni, wezi ni wengi, ila mimi na mambo ya kuazima namba tulishaachana, na jambo la nyumbani kwangu sitaliuliza tena ng'ambo kabla sijaliuliza chumbani (ingawa chumbani siku hizi niko peke yangu).

Juzi juzi nilikuwa Kibaigwa, soko la mahindi, nikamwona kati ya magunia, amenenepa kidogo, na kabinti kamemshika kanga. Aliolewa na mtu wa huko. Mfanyabiashara mmoja akamwita kutoka kwenye lori, "Mama Anjela! Mama Anjela!" na Seche akageuka, akicheka kwa macho, akaitika.