Kovu la Mama na Mwezi Mwekundu

Mama alikuwa dobi, na kabla ya kushika pasi alikuwa dereva wa lori. Hilo la lori nalijua kwa sababu ya kovu lake, lililoanzia kiwikoni hadi kiganjani. Mteja mpya akilishangaa, Mama alimjibu, "Siku breki zilipokataa. We acha tu." Kisha anageuza shati upande wa pili.

Kila Ijumaa saa moja jioni tulitazama tamthilia ya safari za angani. Nahodha wake, mwanamke wa makamo, naye alikuwa na kovu mkononi. Akibanwa na maadui hulipapasa na kusema, "Tuliona makubwa zaidi kule kwenye mwezi mwekundu." Basi! Miaka sita, na hakuna aliyetuambia kule kulitokea nini. Huu si uungwana, kumwonjesha mtu mchuzi na kumnyima nyama. Nikanunua daftari, nikaitunga hiyo safari mwenyewe: watu saba, chombo kinawaka, nahodha anatia mkono motoni kuufunga mlango. Nilimsomea Mama akipiga pasi, na tulipofika mwisho akataka nianze tena. Nilivimba kichwa, sikatai.

Ijumaa moja, muziki wa kufungulia tamthilia ukilia, Mama aliweka pasi pembeni akaligusa kovu lake.

"Unajua, siku ile nilikuwa na watu nyuma ya lori," alisema. "Mmoja wao..."

"Mama, ngoja kwanza, inaanza!"

Akangoja. Ilipokwisha sikumuuliza, naye hakuwa mtu wa kubembeleza kusikilizwa. Najichukia kwa ile "ngoja" yangu.

Siku hizi kumbukumbu zinamtoka, na mimi ananiita dada. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu huja kila asubuhi akakaa kitako.

Wiki iliyopita nilizima televisheni, nikaushika ule mkono wenye kovu.

"Mama, nisimulie ya siku ile. Breki zilipokataa."

Uso ukamchangamka. Akajiweka sawa kitini, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri.

"Tulikuwa saba, dada," akaanza. "Mwezi wenyewe mwekundu. Chombo kinawaka, na mlango hautaki kufunga..."

Alisimulia yote, sura kwa sura, pamoja na makosa yangu ya daftarini. Safari hii sikumkatiza.