Pembe ya Mama Mkwe

Usiniambie niliota. Nimeambiwa hivyo tangu mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, na jibu langu ni lile lile: njoo nikufunulie mgongo uone.

Bega langu la kulia lilikuwa limekufa. Mkono haunyanyuki, jembe halishikiki, na mume wangu yuko Tanga kwenye mkonge. Dawa za zahanati nilimeza mpaka nikachoka. Wanangu walikuwa wanalalia uji wa kuombaomba, na mimi roho inaniuma. Basi nikaazima punda, nikarudi kwenye hame letu, kule tulikohama, karibu na msitu wa Mgori nikachukue jiwe langu la kusagia, angalau nisage kwa mkono mmoja. Shemeji yangu, balozi wa nyumba kumi, alikuwa amekataza mtu kurudi huko. Nilikwenda hivyo hivyo.

Jua lilikuwa bado juu. Nikakuta moshi unatoka kwenye tembe letu. Ndani amekaa mama mkwe, mama yake shemeji huyo huyo, ambaye tulimzika nyuma ya zizi kabla ya kuhama. Ameshika pembe yake ya kuumikia. Enzi za uhai wake aliumika watu wengi: anachanja ngozi kwa wembe, anabandika pembe, anafyonza hewa, anaziba kwa nta, damu mbaya inatoka. Pembe ile tulimzika nayo.

Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia marahaba. Wewe ungekimbia? Mimi nilivua kanga nikampa mgongo, maana njaa ya wanangu ilinitisha kuliko yeye. Akaniumika mara tatu, na alipomaliza akasema kwa Kinyaturu, "Jiwe liache. Na mimi nasaga."

Nikaliacha. Jioni ile nilitwanga mtama kwa mikono miwili, watu wananitazama.

Shemeji akafoka, eti nimejichanja mwenyewe. Nikamuuliza, nani anajifikia katikati ya mgongo? Akaapa atalileta hilo jiwe anikomeshe. Kesho yake alikwenda, akarudi jua linazama, jiwe hana, viganja vyeupe kwa unga. Na kule hakuna aliyelima tangu tuhame. Tangu siku hiyo mpaka anaingia kaburini, mimi hakunikataza tena kitu.

Alama tatu za duara ninazo mpaka leo. Nikiinama kusaga zinawasha. Nawe ukienda kwenye hame la kwenu, ukaamkia usiitikiwe, unachoambiwa uache, kiache. Ukitaka kuniita mwongo, niite. Ila kwanza niambie, unga ule aliusaga nani?