Mama Tope na Kipande cha Juu

Shangazi yangu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, ila mtaani hakuna anayelitumia. Wote wanamwita Mama Tope, naye huitika. Aliyeanza ni muuza duka wetu, kwa kejeli, siku shangazi alipoingia dukani na gambuti za kazini. Shangazi akamwambia, "Kwenye tope hili na lako limo, jirani. Mimi nakutunzia tu." Duka zima likacheka, na jina likaganda.

Anafanya kazi kwenye mtambo wa majitaka, nyuma ya mji, huko ambako mabomba ya vyoo na masinki yote hukutana. Maji yakishasafishwa, chini hubaki tope jeusi. Kazi yake ni kulitandaza kwenye vitanda vya saruji, kuligeuza juani mpaka likauke na kuvunjika mkononi kama udongo wa bustani, kisha kuchukua sampuli ziende maabara. Maabara ikikuta vijidudu au madini mabaya, haliondoki pale. Ikisema ni salama, basi ni mbolea. Nimewahi kumwona akilichota kiganjani, akilinusa na kutabasamu kama mama anayenusa utosi wa mwanawe. Wengine nyumbani kwetu wanaona haya kuyasema haya. Mimi naringa nayo.

Shida ni kwamba hakuna mkulima aliyelitaka. Lilikuwa likienda kuzikwa shimoni, na shimo lilipokaribia kujaa, msimamizi wa mtambo akamwambia wazi: apatikane mkulima mmoja wa ngano, wenzake waone mavuno kwa macho yao, la sivyo vitanda vinafungwa na tope litapakiwa malorini likiwa bichi, likatupwe mbali. Kazi ambayo shangazi amezeeka nayo ingefutika hivihivi. Na mkulima wa ngano ambaye angeweza kuingia kwake bila hodi alikuwa mmoja tu, mdogo wake, yaani baba yangu.

Baba analima ardhi isiyo na mto wala kisima cha kumwagilia. Mvua ikija tunavuna, isipokuja tunatazamana. Kipande cha juu, miguuni pa kilima, kilikuwa kimechoka kuzaa ngano mwaka baada ya mwaka. Majani ya chini yaligeuka njano kabla suke halijachomoza, dalili ya udongo ulioishiwa naitrojeni. Isitoshe, baba ni mbishi. Ukimwambia nje kunanyesha, atatoka akalowe kwanza ndipo akubali.

"Dada, unataka watu waseme tunakula mkate wa chooni?" alimwambia sebuleni kwetu, mbele ya chai.

"Ng'ombe wako wakinya shambani, mkate unanuka nini?"

"Ng'ombe ni ng'ombe."

"Na wewe nani, malaika?"

Mama alikimbilia jikoni akachekee huko. Baba akavimba, akapuliza chai ambayo haikuwa ya moto, na kabla kikombe hakijaisha alikuwa ametoa kipande cha juu, kwa sharti kwamba hata kikifa hakuna wa kukililia.

Tope kavu lililetwa na tela kabla ya mvua, shamba likiwa limepumzika. Shangazi alitembea nyuma ya tela kutoka mwanzo hadi mwisho akihakikisha linamwagika sawasawa, halipungui hapa wala kurundikana pale, likafukiwa siku hiyohiyo. Kisha akamshika baba mkono.

"Sikiliza, mdogo wangu. Chakula kilichomo humu hakitoki kwa mkupuo. Udongo unakitafuna taratibu, mwaka huu, mwakani na mwaka unaofuata. Usiongeze kitu. Hata moyo ukikuwasha, usiongeze."

"Nimesikia."

"Kusikia najua umesikia. Nauliza kama umeelewa."

Ngano ikaota. Mwanzoni ilikuwa ngano kama ngano nyingine, haina cha kumfanya mtu asimame. Baadaye ikashika rangi kwa kishindo. Kijani kizito, majani mapana, mashina yamesongamana hata mbwa asipite. Majirani wakaanza kusimama mpakani, na baba akaanza kutembea kwa madaha. Akawa anasema "mbolea yetu". Shangazi alipokuja kuiona hakucheka. Alisema imekula kupita kiasi. Baba akamwambia aache kutafuta nuksi kwenye neema.

Mvua ikakatika mapema. Ngano ile nene ilikuwa na majani mengi ya kunywesha, ikafyonza maji yote yaliyokuwa ardhini kabla punje hazijajaa. Ikapauka ikawa nyeupe. Ukifikicha suke, kiganjani hubaki makapi na vipunje vilivyosinyaa, vyepesi hata ukipumua vinaruka. Habari zikaenea mlango kwa mlango: tope la mjini limeunguza ngano.

Shangazi alikuja na beleshi, nami nikamfuata. Alichimba katikati ya kipande, udongo ukawa vumbi hadi chini. Akapanda hadi ukanda mwembamba wa mwisho, ule unaogusa kilima, na pale akasimama. Ngano ya pale ilikuwa fupi, haina mbwembwe, lakini masuke yalikuwa yameinama kwa uzito. Alipochimba, udongo bado ulikuwa na unyevu. Tope lilikuwa lilelile, la siku ileile, kutoka tela lilelile. Akafuta beleshi kwa majani na kwenda moja kwa moja hadi banda la zana, alikokuwa baba.

"Uliongeza mbolea ya urea," alisema.

Baba akaishughulikia spana yake.

"Ukafika mpaka pale juu, ukaachia hapo."

"Mifuko iliisha," baba akaijibu spana. Ngano ilikuwa imechelewa kushika rangi, akaeleza. Alidhani tope limelala, akaona aliamshe kidogo.

Kumbe alikuwa amelisha shamba mara mbili, na shamba lisilo na maji ya kushushia. Damu ilinichemka. Nilitaka niende mtaani nikatangaze kwa kila aliyekuwa na masikio, nianze na yule wa duka. Shangazi alinivuta tukiwa njiani.

"Tulia. Yule ni mdogo wangu. Simvui nguo mbele za watu."

"Na vitanda vyako, shangazi?"

Akaweka beleshi begani, akaendelea kutembea. Nilimpenda sana wakati ule, na nilimkasirikia vilevile.

Siku ya kutazama mavuno walifika wakulima wa jirani, bwana shamba na msimamizi wa mtambo. Walisimama mbele ya ile ngano nyeupe. Msimamizi akauliza kumetokea nini. Shangazi alikuwa ameweka mikono nyuma. "Punje hazikujaa," alisema. "Ndiyo hivyo mnavyoona." Msimamizi akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyekwisha kata shauri. Jirani yetu wa mpakani akashika pua kwa dhihaka, na kicheko kikapita kwa wenzake.

Nadhani ni kicheko kile kilichomchoma baba. Alikuwa amejificha nyuma ya bwana shamba, akatoka.

"Msimcheke dada yangu," alisema. "Alinikataza nisiongeze kitu, nikaongeza urea. Nimenyemelea shamba langu mwenyewe kama mwizi. Hii mnayoiona ni kazi yangu. Mkitaka kuona yake, twendeni juu, pale mifuko iliponiishia."

Mimi najua kusema hivyo kulimgharimu kiasi gani, maana nimeishi na ubishi wake tangu kuzaliwa. Nilitembea nyuma yake kifua mbele kama aliyeshinda kesi.

Huko juu bwana shamba alifikicha suke, akapuliza makapi, akabaki na punje nono zilizojaa kiganja. Kila mtu akakata lake, akafikicha, akatafuna. Kisha jirani wa mpakani, yuleyule, akauliza kwa adabu kama tela linaweza kufika kwake. Mwingine akataka kujua yeye atakuwa wa ngapi. Msimamizi akasema hapo hakuna kitanda cha kufungwa, labda vya kuongeza.

"Chakula bado kimo ardhini, si ndivyo ulivyosema?" baba akamuuliza shangazi mbele ya wote. "Basi mwakani kipande hiki ni chako. Panda wewe, uvune wewe. Mimi nitakaa mpakani nikutazame."

Shangazi aliinama akachota udongo wa pale kiganjani, akaunusa. Machozi yakamtoka, hakuyaficha.

"Nikikuona na mfuko wa urea," akasema hatimaye, "nitakufukia nao."

"Sawa, dada," baba akajibu, kwa sauti ya kusikika hadi kwa waliosimama nyuma.