Birika la Mama Mzee

Miaka ya sabini nilikuwa ayah katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja Mhindi mjini Nakuru, nikimtunza mama yake. Nyuma ya jikoni, tajiri huyo alikuwa amejenga birika la saruji na vigae, kubwa kuliko chumba nilicholala, kwa ajili ya magoti ya mama huyo. Maji yalipashwa moto kwa kuni, nami niliingia naye nimshike kiunoni asiteleze.

Kuni hazikuwa shida. Kilichonitoa jasho ni maji yenyewe. Maji ya kisima pale yana magadi. Ukiyapasha moto yanaacha ukoko mweupe na kumwasha mtu ngozi. Kwa hivyo kila jioni niliyachota kwa kichupa, nikadondoshea dawa ya kupimia, nikakiinua kwenye mwanga. Yakiwa mekundu, magadi yamezidi, niongeze asidi. Yakiwa ya manjano, asidi imezidi, macho ya mama mzee yatawaka. Nilichotafuta ni rangi ya papai lililoiva. Ikipatikana hiyo, ndipo memsahibu, mke wa tajiri, aliponiruhusu kwenda popote. "Maji kwanza, ayah," alizoea kusema, hata siku mwanangu alipougua surua.

Mwanangu aliishi na mama yangu. Mama alikuwa amenunua hisa katika kikundi kilichonunua shamba la mzungu huko Kabazi, akaniandikisha mimi kwa sababu macho yake yalikuwa yamefifia. Jumamosi moja kila mwanachama angechota karatasi yenye nambari ya kipande chake. Asiyefika angeachiwa kitakachobaki. Mimi nilishaamua: nikipata kipande, nahamia huko na mwanangu, na hilo birika watafute mwingine wa kulipigia magoti.

Ijumaa nilimweleza mama mzee haya yote tukiwa majini. Alinipapasa mkono tu. Jioni hiyo rangi ilikuwa papai tupu, na memsahibu alikubali niondoke asubuhi, mradi niwe nimemwogesha mama mkwe wake.

Asubuhi nilikuta maji yamekuwa meupe kama uji. Nikapima: mekundu hadi zambarau. Nikamwaga asidi, yakatoa povu, nikapima tena, mekundu vilevile. Memsahibu akakitazama kichupa. "Maji kwanza," akasema, akafunga geti kwa kufuli, akaenda dukani na ufunguo wake. Nilibaki nimeshika vyuma vya geti, nimevaa gauni langu la safari, nikilia kwa hasira. Basi la Subukia, la kunipeleka Kabazi, lilikuwa likijaza watu bila mimi.

Hatimaye nikafungua maji yote yatoke. Chini kabisa kulikuwa na mabonge ya magadi yaliyokuwa hayajayeyuka, yale ambayo tajiri aliwauzia wafugaji wa Molo. Gunia lilikuwa stoo. Nikageuka. Mama mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake mlangoni, pindo la sari yake limejaa vumbi jeupe.

"Mama, ni wewe umeweka magadi?"

"Ndiyo. Maji iko mbaya, wewe hapana enda."

"Lakini nilikwambia leo ni siku ya shamba!"

"Wewe kwenda, hapana rudi. Hapa nyumbani nani ongea na mimi? Kijana yangu iko duka. Bibi yake iko duka. Wewe tu."

Nilimchukia. Nilijua anasema kweli, na ukweli wake haukunisaidia chochote. Nikajaza birika upya, nikawasha kuni, na rangi ilipokuja kuwa papai jua lilikuwa limeshapinduka.

Wiki iliyofuata mama yangu alikuja. Memsahibu alikuwa ameondoka na ufunguo, kwa hiyo tulizungumza kati ya vyuma vya geti.

"Tumepata wapi, mama?"

"Tumepata korongo, mwanangu. Mvua ya Kabazi yote inapita hapo. Hata pa kusimamisha nyumba hakuna. Wewe ulizuiwa na nini?"

Nikamwambia nilizuiwa na maji ya kuoga. Akaokota kikapu chake, akaenda zake.

Jioni hiyo nilimshika mama mzee kiunoni, nikamshusha ndani taratibu. Maji yalikuwa mazuri.

"Kesho wewe iko?" akaniuliza.

"Niko, mama."

Alifurahi, akanilalia begani.