Kengele Katika Gari la Mkunga

Pale gereji hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Shoti, basi. Jina lilimganda tangu ujana, kwa sababu kila gari lililoletwa alianza kwa kusema maneno yaleyale: "Kuna shoti mahali." Alikuwa fundi umeme wa magari, mtu mwembamba mwenye vidole vilivyojaa makovu madogo ya kuungua, na miaka hii ya karibuni alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Ulikuwa uchovu wa mtu aliyeishi amejikunja chini ya usukani, shingo imepinda, magoti yako nje, na wapita njia wanamjua kwa viatu vyake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kusaka kisichoonekana. Tairi likipasuka unaliona. Umeme unajificha. Mtu anawasha indiketa ya kushoto, ya kulia nayo inakonyeza. Anapiga honi, waipa zinaanza kufagia kioo kikavu. Wenye magari walimjia wakiwa wameshazungushwa na mafundi wengine, nao walieleza vituko vya gari kama mtu anayemsema mkwe mkorofi. Zamani Shoti alizipenda hadithi hizo. Siku hizi alizisikiliza akiwa ameegemea kitu.

Gari la mkunga lilikuja asubuhi moja ya mvua. Lilikuwa dogo, jeupe, lina mkwaruzo mrefu ubavuni. Mkunga mwenyewe alikuwa ametoka zamu, macho mekundu, sare imekunjamana.

"Fundi, nikikanyaga breki taa za mbele zinafifia," alisema. "Taa ya ndani inawaka ikijisikia. Halafu kuna ile kengele ya kukwambia mlango uko wazi. Inalia na milango yote imefungwa! Itanitia wazimu."

"Kuna shoti mahali," Shoti akajibu, akachukua taa yake ya kupimia.

Alisafisha vichwa vya betri. Akafungua swichi ya mlango wa dereva, akaikuta imelowa, akaweka nyingine. Taa ya ndani ikazimika, ikatulia. Akamwambia mkunga tayari, na yeye akaenda kukaa juu ya tairi kuukuu kunyoosha mgongo.

Haikupita wiki, mkunga akarudi. Taa za mbele bado zilikuwa zikifa nguvu, na kengele haijaacha. Shoti akaingia naye garini, wakazunguka mitaa ya karibu, wakapita kwenye mashimo na matuta.

"Si hiyo?" mkunga akasema.

"Ipi?"

"Hiyo, fundi! Inalia hapa hapa."

Shoti akatega sikio. Alisikia injini, alisikia mvumo wa matairi. Akamtazama yule mama, akaona jinsi usingizi ulivyomlemea, akamwonea huruma. "Mama, usinielewe vibaya. Kazi yenu ya kukesha na vilio vya vichanga, labda ni masikio tu yanavuma. Pumzika kwanza."

Mkunga alicheka kicheko kisicho na furaha, akaenda zake.

Jioni hiyo Shoti alirudi nyumbani akakuta mambo ni yaleyale. Mkewe alikuwa jikoni akifoka. Kwa Shoti, mwanamke huyu aliyekuwa mpole maisha yake yote alikuwa amebadilika uzeeni. Hasemi bila kupaza sauti, na akishaipaza anakasirika. Shoti alikuwa ameamua kutojibizana. Alikula kimya, akiitikia "sawa" na "haya" pale alipoona midomo imesimama. Kisha akaenda kulala mapema. Aliamini kwamba ndivyo ndoa zinavyochoka, kama waya uliopindwa mno.

Mara ya tatu mkunga hakuja kwa upole. Alisimamisha gari katikati ya uwanja wa gereji, akateremka, akauacha mlango wazi na taa zimewashwa.

"Njoo usikilize, fundi. Leo sijafanya kazi, nimelala, nimeshiba. Inalia au hailii?"

Shoti akainama mlangoni. "Mama, usinipotezee muda. Mimi kazi hii nimeifanya kabla wewe hujajua kuendesha gari. Mlango uko wazi na hata hivyo hakuna kinacholia; hiyo kengele imekufa."

Mkunga akageuka, akamwita mchomeleaji vyuma aliyekuwa na banda jirani, mtu wa mizaha kuanzia asubuhi hadi anafunga. "Kaka, hebu sogea. Unasikia nini hapa?"

Mchomeleaji akavua miwani yake myeusi. "Si kengele hiyo? Hata bandani naisikia. Inalia kama kifaranga kilichokanyagwa." Akacheka, akimgeukia Shoti wacheke pamoja. Kisha akauona uso wa Shoti, na kicheko kikamkatikia njiani.

 Shoti aliingia garini, akakaa kiti cha dereva, akasogeza kichwa hadi paji la uso likakaribia dashibodi. Kimya. Akapitisha kiganja chini ya usukani, akapapasa hadi kwenye kile kidude cha plastiki kinachotoa mlio, akakigusa kwa ncha ya kidole. Kilikuwa kikitetemeka kwa nguvu, kikitetemeka bila kupumzika, kama moyo wa ndege mkononi. 

Mkunga ndiye aliyeelewa kwanza. Hasira zilimwisha. Alizunguka akaja upande wake, akasugua vidole viwili karibu na sikio la Shoti. "Mzee wangu, unasikia hapa?"

"Sisikii."

"Na upande huu?"

Shoti akatikisa kichwa.

"Sauti nene unazisikia. Nyembamba ndizo zimekutoka," mkunga akasema taratibu. "Inatokea kwa watu wa kazi kama hii. Majenereta, honi, huyo ndugu na mashine yake ya kukata vyuma. Imekuanza lini?"

"Sijui," Shoti akasema. Na ilikuwa kweli. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho aliposikia indiketa ikigonga, akashindwa. Alitaka kumwomba radhi yule mama kwa maneno aliyomwambia kuhusu masikio yake, lakini ulimi ulikuwa mzito. "Niachie gari," ndilo lililomtoka. "Leo silifungi mpaka nimeliona tatizo."

Aliifanya kazi ile kwa macho. Alichukua balbu ndogo, akaiunganisha kwenye waya wa kile kidude cha mlio, akaining'iniza kwenye kioo cha ndani, ili kengele ikilia balbu iwake. Akamwomba mchomeleaji aketi kwa dereva, afunge mlango, akanyage breki. Balbu ikawaka. Achia. Ikazima. Kanyaga tena. Ikawaka, na taa za mbele zikafifia papo hapo. Kwa hiyo si swichi ya mlango. Umeme wa breki ulikuwa umekosa njia yake ya kurudi, ukawa unapenya kwenye nyaya zisizo zake.

Akafunua zulia upande wa abiria. Maji ya mvua yalikuwa yakiingia pale kitambo, zulia lilinuka uvundo, na chini yake, pale waya wa kurudishia umeme ulipofungwa kwenye bodi kwa skrubu, palikuwa na kutu tupu, nyekundu, inayomeguka. Shoti akaikwangua hadi chuma kikang'aa, akabadilisha skrubu, akapaka grisi, akaziba mwanya wa maji. Mchomeleaji akakanyaga breki mara nyingi kuliko alivyoombwa. Balbu haikuwaka.

"Imenyamaza," mchomeleaji akasema, kwa sauti kubwa mno, akimtazama usoni.

"Usinipigie kelele," Shoti akasema. "Sijafa."

Mkunga alipokuja kulichukua gari, Shoti alifaulu kuyatoa yale maneno ya kuomba radhi. Mkunga akayapokea kwa kutikisa mkono, akamwandikia jina la kliniki ya masikio.

Nyumbani, mkewe alikuwa anapepeta mchele kibarazani. Shoti akaketi karibu yake, karibu kuliko kawaida.

"Mama watoto, masikio yangu yameharibika."

Mkewe akaweka ungo chini. "Leo ndiyo umejua?"

"Wewe ulijua?"

"Nilikwambia! Nilikwambia mpaka nikachoka. Binti yako anapiga simu, unamjibu 'sawa' kabla hajauliza. Mwanzo nilidhani hunisikii. Baadaye nikadhani hutaki kunisikia." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Hilo la pili lilikuwa baya zaidi."

"Na mimi nilidhani umekuwa mkali."

"Ningekuwaje? Koo limenikauka kwa kukuita."

 Shoti aliuvuta ungo akaanza kuokota chuya, akizitupa uani, naye mkewe akamwacha aokote.

Walikwenda kliniki pamoja. Wahudumu waliweka vifaa masikioni mwa Shoti, wakamwambia anyooshe mkono kila akisikia mlio. Alikaa ndani ya kile chumba kidogo, mkono juu ya goti, akisubiri. Kupitia kioo alimwona mkewe amesimama, ameziba mdomo kwa kiganja, na hapo akajua kwamba milio inapita na mkono wake haujanyanyuka.

Kilichopotea hakirudi, walimwambia. Akapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Siku za mwanzo kilimchosha kuliko ukiziwi wenyewe: vijiko, mbwa, plastiki zikisuguana, kila kitu kikimjia kwa pamoja bila adabu. Mchomeleaji akiwasha mashine, Shoti anakivua na kukitia mfukoni. Gari likija na kengele, anatundika balbu. Hajiamini tena kwa sikio peke yake. Mgongo nao unamuuma vilevile.

Mkewe ilimchukua muda kushusha sauti. Alikuwa ameshazoea kufoka, hata akiomba chumvi.

"Nakusikia," Shoti humwambia.

"Unasikia kweli, au unaitikia tu?"

"Umeomba chumvi."

Naye humsogezea.